Chuma Kwenye Ubongo wa Mzee: Swali Lililotoka Igogo

Katika toleo hili tumeona ni vema kueleza jambo moja ambalo limeleta mkanganyiko katika vikundi vyetu vya Mwanza, na ambalo kosa lake la kwanza lilikuwa letu sisi wenyewe.

Katika semina moja ya wahudumu wa wazee, mwezeshaji wetu alitaja kwa kifupi kwamba wanasayansi wamekuta madini ya chuma yamerundikana kwenye ubongo wa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer. Hakufafanua zaidi, muda ulikuwa umekwisha. Neno lile lilipanda mlima wa Igogo haraka kuliko miguu yetu. Baada ya wiki chache tulipofika kutembelea kaya moja juu kwenye mawe, tulimkuta mama mwenye nyumba amefanya mambo mawili. Alikuwa amemzuia mkwewe, bibi mwenye umri unaokaribia miaka 80, asile dagaa wala mchicha. Na alikuwa ameficha vidonge vya FEFO alivyopewa binti yake mjamzito kliniki. "Mlisema chuma kinaharibu akili," alituambia. "Bibi imeshaharibika. Sikutaka na huyu aharibikiwe."

Bibi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni. Tulimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri kwa Kisukuma, kisha akatuuliza kama mtumbwi wa mumewe umerudi. Mume huyo alifariki zaidi ya miaka 20 iliyopita. Alfajiri bibi huamka na kuteremka njia ya mawe kuelekea ziwani, na mara mbili majirani wamemkuta karibu na viwanda vya samaki bila viatu. Mama yule alipunguza sauti akasema kwamba baadhi ya majirani wameanza kuuliza mzee wa namna hiyo hutembea usiku kwa shughuli gani.

Hapo tukaona kwamba maswali ni mawili. Je, chuma ndicho kilichomharibu bibi? Na je, jamii itamwonaje? Tunajaribu kuyajibu yote.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Dimensia ni jina la jumla la hali ambayo kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia hupungua kwa sababu ubongo unaugua. Alzheimer ni aina yake iliyo kubwa zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote.

Jina hilo linatokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 mjini Frankfurt alianza kumfuatilia mgonjwa mwanamke aliyekuwa akisahau hata jina lake. Mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta vitu viwili: mabonge nje ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe hizo. Leo tunajua kwamba mabonge yanatokana na protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zinatokana na protini iitwayo tau. Vitu hivyo viwili bado ndivyo alama kuu za ugonjwa huu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika ni hili: Alzheimer ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, si uzembe wa mgonjwa, na si uzee wa kawaida. Wazee wengi wanafika miaka 80 na zaidi wakiwa na akili timamu.

CHUMA KINAFANYA NINI UBONGONI?

Wengi wetu tunajua chuma kwa habari ya damu. Sehemu kubwa ya chuma cha mwili, kama theluthi mbili, imo katika chembe nyekundu za damu, nacho ndicho kinachobeba hewa safi ya oksijeni. Lakini ubongo nao unakihitaji. Unakitumia kutengeneza nguvu ya kufanyia kazi, kujenga utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva ili habari zipite haraka, na kutengeneza baadhi ya kemikali ambazo chembe hutumia kupelekeana taarifa. Mtoto asiyepata chuma cha kutosha hujifunza kwa shida.

Mwenye kujua ziwa ataelewa kwa mfano wa mtumbwi wa mbao. Misumari ndiyo inayoshika mbao. Msumari ulio mahali pake, umezibwa vizuri, unadumu. Lakini msumari uliolegea na kuachwa kwenye maji na hewa hushika kutu, na kutu hiyo hula hata mbao za jirani. Mwilini pia ni hivyo. Chuma kikiwa kimehifadhiwa ndani ya protini maalumu iitwayo feritini, hakina madhara. Kikiwa huru kupita kiasi, huchochea chembe kali za oksijeni ambazo huunguza mafuta ya kuta za chembe hai. Mwaka 2012 wanasayansi wa Marekani waliipa jina namna hii ya kufa kwa chembe: feroptosisi, yaani kifo kinachotokana na chuma.

WANASAYANSI WAMEONA NINI?

Habari hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1953 mtafiti Louis Goodman alieleza kwamba ameona chuma katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer waliofariki. Mwaka 1958 watafiti wawili wa Sweden, Hallgren na Sourander, walipima chuma katika ubongo wa marehemu wa rika mbalimbali, wakaona kwamba kinaongezeka kadiri mtu anavyoendelea kuishi. Maana yake ni kwamba kila mzee ana chuma zaidi ubongoni kuliko alipokuwa kijana, hata kama hana ugonjwa wowote.

Katika miaka ya karibuni vipimo vimeboreka. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitoa matokeo kwamba watu wenye feritini nyingi katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo walielekea kupungukiwa uwezo wa akili mapema zaidi. Mwaka 2019, wakishirikiana na wenzao wa Chicago waliokuwa wamewafuatilia wazee kwa miaka mingi hadi kufariki, walionyesha kwamba kati ya waliokuwa na mabonge na nyuzi za Alzheimer, wale wenye chuma kingi katika sehemu ya pembeni ya ubongo ndio ambao kumbukumbu zao zilishuka haraka. Mwaka 2020 madaktari wa Graz, Austria, walitumia picha za MRI kulinganisha wagonjwa 100 na watu wazima wa afya 100. Waliwafuatilia baadhi ya wagonjwa kwa zaidi ya mwaka, wakaona kwamba kuongezeka kwa chuma katika ubongo kulikwenda pamoja na kushuka kwa akili.

Tunaomba msomaji aangalie maneno "kulikwenda pamoja". Jogoo huwika jua likikaribia kuchomoza, lakini si jogoo anayelileta jua. Kukuta chuma mahali palipoharibika hakuthibitishi kwamba chuma ndicho kilichoharibu. Huenda kinachangia, huenda kinaachwa na chembe zinazokufa, huenda ni yote mawili.

JE, KUKIONDOA KUNASAIDIA?

Hili ndilo swali la maana, na lilijaribiwa. Zipo dawa zinazokamata chuma na kukitoa mwilini. Watu wa Kanda ya Ziwa wenye watoto wa seli mundu huenda wamezisikia, kwa sababu mgonjwa anayeongezewa damu mara nyingi hujaza chuma mwilini, na dawa hizo humsaidia chini ya uangalizi wa daktari.

Mwaka 1991 jaribio dogo la wagonjwa 48 nchini Kanada, lililotumia sindano za dawa ya namna hiyo, lilitoa matumaini, kwani waliotibiwa walionekana kushuka polepole zaidi. Watafiti wale walilenga kuondoa aluminiamu, lakini dawa yao hukamata chuma pia. Matumaini hayo yalidumu miaka mingi.

Kisha yakaja majaribio makini zaidi. Mwezi Desemba 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa ya deferiproni kwa wagonjwa 372 wa Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo ambao pia huambatana na chuma kingi. Waliopewa dawa walizidi kuugua kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya Australia kwa wagonjwa 81 wenye dalili za mwanzo za Alzheimer, waliofuatiliwa kwa miezi 12. Dawa ilifanya kazi iliyotumwa: chuma kilipungua katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Lakini akili za waliotumia dawa zilishuka haraka zaidi kuliko za wenzao. Aidha, baadhi yao walipungukiwa chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi.

Turudi kwenye mtumbwi. Kuona kutu kwenye misumari hakuna maana kwamba ukiing'oa misumari mtumbwi utapona. Ubongo unaougua bado unahitaji chuma chake ili ufanye kazi. Hadi leo hakuna tiba ya Alzheimer inayotolewa kwa njia ya kuondoa chuma, na mtu yeyote anayeuza dawa ya mitishamba au kidonge cha "kusafisha chuma kichwani" asiaminiwe.

VIDONGE VYA DAMU VIENDELEE

Hapa tunaomba kila mwanakamati asome mara mbili, kisha asome kwa sauti kwenye jumuiya.

Chuma cha chakula si chuma kilichorundikana ubongoni. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kinachochuja kinachoingia, na kilichopo ubongoni hujikusanya kwa miaka mingi kwa njia ambazo hazifuati sahani ya jana ya dagaa. Hakuna ushahidi kwamba mjamzito anayemeza FEFO anajiletea usahaulifu uzeeni.

Kinyume chake, hatari ya kukosa chuma ipo mlangoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Huku kwetu ziwani tuna malaria, safura na kichocho, na vyote vinaongeza upungufu huo. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu wakati wa kujifungua anaweza kufa kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia.

Hata kwa wazee wenyewe, upungufu wa damu si rafiki wa akili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba wazee wenye upungufu wa damu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dimensia. Hivyo kumnyima bibi dagaa na mchicha hakumkingi, kunamdhoofisha. Tunachoshauri ni kwamba mzee asinunuliwe vidonge vya kuongeza damu dukani bila kupimwa. Apimwe kwanza, na aliyeandikiwa na mganga wa zahanati au hospitali aendelee kama alivyoelekezwa.

HALI YA KWETU TANZANIA

Wapo wanaodhani Alzheimer ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kiwango cha dimensia, baada ya kusawazisha umri, kilikuwa asilimia 6.4. Ni kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri.

Kutokana na kazi ya Hai kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma shule. Mzee haandiki wala hasomi chochote. Miongoni mwa mambo anayoulizwa ni kutaja wanyama wengi awezavyo kwa muda mfupi, na kupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Si kipimo cha kutoa hukumu, bali huonyesha nani afikishwe kwa daktari. Tofauti na picha za MRI, hakihitaji umeme wala fedha nyingi.

Watafiti wa Hai walisikia pia kwamba familia nyingi huona usahaulifu ni uzee tu, hivyo hawampeleki mzee hospitali. Huku Usukumani kuna tafsiri nyingine iliyo mbaya zaidi. Hatuwezi kuandika habari ya bibi anayetembea alfajiri bila kukumbuka historia yetu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee, na mikoa ya Mwanza na Shinyanga ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya aibu hiyo. Mauaji hayakuishia hapo. Macho mekundu ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe yalitosha kumtia bibi hatarini. Mzee anayezungumza na marehemu, anayesahau majina ya wajukuu na kutangatanga usiku, yumo katika hatari hiyo hiyo.

Ndiyo maana maelezo ya chuma, amiloidi na tau yana kazi kwetu hata kama hayajaleta dawa. Yanasema wazi kwamba kilichomtoa bibi nyumbani alfajiri kipo ndani ya ubongo wake, kinaonekana kwa hadubini na kwenye picha, na hakina uhusiano wowote na kifo cha mtoto wa jirani.

YANAYOWEZEKANA PAROKIANI

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Mengi yapo ndani ya uwezo wetu:

1. Kupima shinikizo la damu na kisukari kwa watu wa makamo, si kusubiri wawe wazee.

2. Kuwapeleka wazee wapimwe macho na masikio. Asiyesikia hutengwa, na anayetengwa hupungukiwa akili haraka.

3. Kupunguza moshi jikoni kwa majiko sanifu na madirisha.

4. Kupiga vita sigara, gongo na ulevi wa kupindukia.

5. Kuwaweka watoto, hasa wasichana, shuleni. Elimu ya utotoni ni kinga ya uzeeni.

6. Kuwatembelea wazee na kuwapa kazi ndogo za heshima: kuchambua mchele, kuimba, kuwasimulia wajukuu.

Pia mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku au wiki chache, asihesabiwe kuwa na Alzheimer. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, sonona, kaswende, upungufu wa vitamini B12 au dawa anazotumia vinaweza kuleta hali hiyo, na vingi vinatibika. Aanzie zahanati au kituo cha afya, na ikibidi apewe rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wasaidiwe kufuatilia kitambulisho cha matibabu bila malipo kupitia serikali ya mtaa.

NENO KWA WAFADHILI

Baadhi yenu mmetuandikia mkiuliza kama mnaweza kuchangia vifaa vya kupima chuma ubongoni. Tunawashukuru kwa moyo huo, lakini tunawajibu kwa ukweli. Kipimo hicho leo ni cha utafiti. Hakitabadilisha matibabu ya mzee hata mmoja wa Igogo. Mashine za kupimia shinikizo la damu, miwani, majiko sanifu na nauli za wahudumu wanaopanda milima kila wiki vitabadilisha. Tusingependa sadaka yenu iende kwenye kitu kizuri kwa kukitazama tu.

TULIVYOIACHA NYUMBA ILE

Tulirudi Igogo tukiwa na muuguzi. Tulimwomba radhi mama yule kwa neno letu lililokatwa nusu, naye akatoa vidonge chini ya godoro akampa binti yake mbele yetu. Bibi alipimwa, akakutwa na upungufu wa damu na shinikizo la juu, na vyote vimeanza kutibiwa. Kumbukumbu zake hazijarudi, na hatukumwahidi mtu kwamba zitarudi.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha majirani. Tuliwaeleza kwa kutumia mfano wa mtumbwi na misumari. Mzee mmoja fundi mitumbwi alisimama akasema kwamba kumbe bibi anafuata njia aliyoifuata miaka 30 kwenda kupokea samaki wa mumewe. Baada ya hapo vijana wawili wanaoanza kazi alfajiri kwenye viwanda vya samaki walikubali kumrudisha nyumbani wakimkuta njiani. Wanamwambia mtumbwi bado haujafika, wanamshika mkono, wanapanda naye.

Tunaziomba kamati zote ziulize katika mtaa wao: ni nani anayemrudisha mzee wetu nyumbani?